Ubatizo Niliokuja Nao

Mkristo mtu mzima akihamia Kanisa Katoliki kutoka dhehebu jingine, ndugu zake hawaanzi na habari za Papa, wala za Bikira Maria, wala za toharani. Hayo yatafuata, tena kwa sauti ya juu. Swali la kwanza huulizwa taratibu, na mara nyingi muulizaji ni mama au shangazi: "Wamekubatiza upya?"

Anayeuliza hivyo haulizi habari za ibada. Anataka kujua kama ile Jumapili waliyokubeba kwenda kanisani, ukatiwa maji kichwani, ukatajwa jina mbele ya usharika na wasimamizi wakaahidi kukulea katika imani, ilikuwa na maana yoyote. Ukimjibu kwamba umebatizwa upya, umemwambia kwamba siku ile ulimwagiwa maji tu. Na hofu yake ina msingi. Katika ukoo wowote wa Kikristo Afrika Mashariki hakosekani mtu aliyeingia Usabato au kanisa la Kipentekoste akazamishwa mtoni, kwa sababu huko ubatizo wa mtoto mchanga hauhesabiwi. Mama ameyaona hayo kwa wenzake, anadhani sasa yamemfika na yeye.

Mimi nililelewa katika Kanisa la Kilutheri (KKKT), Machame, mlimani Kilimanjaro, nikapokewa katika Kanisa Katoliki nikiwa mtu mzima. Mama alipouliza nilimjibu hapana, naye akanyamaza, lakini niliona kwamba hajaridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. Nyuma ya jibu hilo kuna mabishano ya karne nyingi yaliyoanzia katika bara letu, na uamuzi uliotokana nayo unamwachia anayehamia deni kubwa kwa nyumba aliyotoka. Deni hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, maana naona sisi tuliohamia hatulisemi vya kutosha.

Nianze na utaratibu wa leo. Kanisa Katoliki linamhesabu kuwa amebatizwa kweli kila mtu aliyetiwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ilimradi aliyembatiza alikusudia kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian, wote huja wakiwa wamebatizwa tayari. Kanuni ya 869 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kuwabatiza watu hao hata kwa masharti, isipokuwa baada ya uchunguzi pabaki sababu nzito ya kutilia shaka ubatizo wao. Ndiyo maana paroko aliniagiza nikalete cheti cha ubatizo. Nikapanda kwenda usharikani kwetu, mchungaji akafungua daftari kubwa la zamani, akatafuta jina langu, akaninakilia, akapiga muhuri. Kisha akaniombea. Kwa hiyo faili langu katika parokia ya Kikatoliki linaanza na karatasi yenye muhuri wa usharika wa Kilutheri, na bila karatasi hiyo nisingepokewa kwa namna niliyopokewa.

Tena mwongozo wa ibada ya kuwapokea Wakristo waliokwisha kubatizwa unataka wasichanganywe na wakatekumeni. Mkatekumeni ni mtu ambaye hajabatizwa. Anasubiri maji ya mkesha wa Pasaka. Aliyebatizwa anasubiri kukiri imani, Kipaimara na Ekaristi, na mwongozo unasisitiza asitwishwe mzigo kuliko ulio wa lazima, kwa kufuata mitume walivyoamua Yerusalemu katika sura ya 15 ya Matendo. Parokia zetu nyingi huwaweka wote katika darasa moja kwa sababu katekista ni mmoja na Jumamosi ni moja. Naelewa ugumu huo. Lakini tofauti ifundishwe hata kama benchi ni moja.

Jambo lililonifungua macho zaidi lilikuwa Kitubio. Mtu ambaye hajabatizwa haendi kuungama kabla ya kuingia Kanisani, kwa sababu dhambi zake zote zitaondolewa na ubatizo. Hawezi kupokea Kitubio hata akitaka, kwa kuwa ubatizo ndio mlango wa sakramenti nyingine zote. Mimi nilitumwa kwa padre nikaungame kabla ya siku ya kupokewa. Wengine huchukulia hatua hiyo kama adhabu ya mgeni. Ukiifikiri vizuri ni heshima: Kanisa lilikuwa linaniambia kwamba maisha yangu yote tangu utotoni yalikuwa maisha ya Mkristo, dhambi zangu zilikuwa dhambi za Mkristo, na mlango nilikwisha kuingia siku ile mama aliponibeba. Kitubio changu cha kwanza cha Kikatoliki kilisimama juu ya ubatizo wa Kilutheri.

Kwa msomaji ambaye hatoki Kilimanjaro lazima nieleze kwa nini jambo hili lina uzito kwetu. Kule mlimani ukitaja unakotoka umekwisha kutaja dhehebu lako. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanzia Zanzibar na Bagamoyo, walifungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho na Rombo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wamangi, yaani watawala wa Wachaga, waliwapokea waliowapokea, na watu wakafuata. Tangu hapo Machame ni Walutheri, Kibosho ni Wakatoliki, na hata majina yanatangaza: ukikutana na Elifuraha au Ndeshukurwa unadhani Mlutheri, ukikutana na Deogratias au Bonaventura humwulizi anasali wapi. Kuhama dhehebu katika mazingira hayo kunaonekana kama kuhama ukoo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kuondoka moja kwa moja mwaka 1938, alifundisha kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika ni zawadi ya Mungu, na Kanisa lijengwe juu yake badala ya kuvikata. Nimelelewa katika matunda ya mafundisho hayo, na sikuyaacha nilipohama.

Sasa turudi nyuma, hadi Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Askofu wake katikati ya karne ya 3 alikuwa Sipriani, naye mwenyewe aliongoka akiwa mtu mzima. Alikuwa mwalimu maarufu wa ufasaha wa kusema, akabatizwa yapata mwaka 246, na baada ya muda mfupi akafanywa askofu. Mwaka 250 Kaisari Desio alianza kuwatesa Wakristo, na mateso yalipopoa Kanisa likagawanyika juu ya namna ya kuwapokea waliokuwa wameikana imani. Kule Roma padre Novasiani alijitenga na kundi lake la wenye msimamo mkali, akaendelea kubatiza. Baadhi ya waliobatizwa katika kundi hilo wakataka kuingia Kanisa Katoliki. Wapokewe vipi?

Sipriani alisema wabatizwe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifuata: ubatizo ni mali ya Kanisa, nje ya Kanisa hakuna Roho Mtakatifu, na asiye na kitu hawezi kumpa mwingine. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 wa Afrika walikutana Karthago, wakamuunga mkono. Papa Stefano wa Roma akakataa. Alisema kilichopokewa kutoka kwa wazee wa imani kifuatwe, pasiongezwe jipya: waliobatizwa kwa wazushi wawekewe mikono kama watubu, basi. Ugomvi ulikuwa mkali hadi Stefano akatishia kuvunja ushirika na Waafrika. Alifariki mwaka 257, Sipriani akauawa kwa ajili ya Kristo tarehe 14 Septemba 258, na wote wawili wanaheshimiwa kama watakatifu.

Mimi namwelewa sana Sipriani. Aliyevuka mto akiwa mtu mzima hupenda kuona ng'ambo mbili zilizo wazi: kule giza, huku nuru. Hupenda kusema kwamba alikotoka hapakuwa na kitu. Nimeusikia msimamo huo katika ushuhuda wa watu wengi waliohamia Ukatoliki, na wa wengi waliouhama, maana una mvuto pande zote. Hoja ya Sipriani ilikuwa imepangika kuliko ya Stefano. Stefano hakuwa na mantiki nzuri kama ile. Alikuwa na desturi aliyoikuta. Na Kanisa likafuata desturi.

Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliwataka Waafrika waache kubatiza upya: anayetoka kwa wazushi aulizwe Imani, na ikionekana amebatizwa katika Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Kufikia hapo Wadonatisti, kundi la Wakristo wa Afrika, walikuwa wamekwisha kujitenga na Kanisa Katoliki, nao wakashika msimamo wa Sipriani kwa nguvu, wakawabatiza upya Wakatoliki waliowaendea. Aliyeijenga hoja ambayo Stefano hakuwa nayo alikuwa Mwafrika mwingine, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Yapata mwaka 400 aliandika vitabu vizima juu ya ubatizo. Alisema ubatizo si mali ya padre, wala si mali ya kundi. Ni wa Kristo. Akibatiza Petro, Kristo ndiye anayebatiza. Akibatiza Yuda, Kristo ndiye anayebatiza. Alitumia mfano wa askari wa Kirumi aliyechorwa alama ya jeshi mwilini: akitoroka kisha akarudi, haandikwi alama nyingine, ile ya kwanza hutambuliwa. Na hakumdharau Sipriani. Alimheshimu kama shahidi aliyekosea katika jambo moja huku akishika upendo na umoja.

Tazama alichokuwa anafanya Augustino. Anamwambia mtu anayerudi kutoka kwa Wadonatisti: ulichopewa kule ni cha kweli, hatutakugusa hapo, kinachokosekana ni umoja, uje tukupe. Watu hufikiri kwamba Mapokeo ya Kanisa ni ghala ambalo anayehamia hulikuta limejaa, yeye akiwa mikono mitupu. Kwa mafundisho ya Augustino, sehemu ya Mapokeo hayo anakuja nayo mwenyewe, amepewa na watu ambao hawakuwa Wakatoliki.

Jambo hilo lilipimwa vikali katika karne ya 16. Martin Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Tarehe 3 Machi 1547, mwaka mmoja na siku chache baadaye, Mtaguso wa Trento, ule uliokutana kumpinga, ulitoa kanuni zake juu ya ubatizo. Mtu angetarajia uutupe nje ubatizo wa Walutheri. Ukafanya kinyume: ukamlaani yeyote atakayesema kwamba ubatizo unaotolewa na wazushi kwa jina la Utatu, kwa nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa, si ubatizo wa kweli. Katika joto la mafarakano yale, maaskofu wale walishika neno la Stefano.

Desturi ya mapadre haikufuata mafundisho kila mara. Kwa muda mrefu wengi waliwabatiza kwa masharti karibu wote waliotoka Uprotestanti, bila kuchunguza. John Henry Newman, kasisi wa Kianglikana aliyepokewa Littlemore karibu na Oxford tarehe 9 Oktoba 1845 na Padre Mwitaliano Dominic Barberi, naye alibatizwa kwa masharti. Mwongozo wa Vatikani wa mwaka 1967, uliofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulikemea tabia hiyo ya kubatiza kwa masharti bila kuchagua. Mipaka imebaki: mwaka 2001 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, mwaka 2020 ikakataa ubatizo ambao mhudumu anasema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza", na anayetoka kwenye makanisa yanayobatiza kwa jina la Yesu peke yake hubatizwa.

Newman anastahili aya yake katika habari za familia. Uongofu wake ulimgharimu kazi yake katika Chuo cha Oriel, marafiki wa miaka mingi, na dada yake Harriett, ambaye alikata mawasiliano naye na hawakupatana hadi Harriett alipofariki mwaka 1852. Jemima, dada mwingine, aliendelea kuandikiana naye kwa machungu. Mtu aliyeumizwa hivyo angeweza kuandika juu ya utoto wake kwa uchungu. Lakini katika Apologia, kitabu alichokitoa mwaka 1864 kujitetea, alikiri kwamba imani ya mafundisho imara ilimwingia akiwa na miaka 15, mwaka 1816, kupitia Waanglikana wa Kiinjili, na kwamba kuna mwandishi mmoja wao, Thomas Scott, ambaye kibinadamu ni kama anadaiwa naye roho yake. Aliandika hivyo miaka 19 baada ya kuhama. Kanisa limemtangaza mtakatifu mwaka 2019 na Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025, pamoja na deni lake hilo kwa Waprotestanti likiwa limeandikwa wazi.

Deni langu naweza kulitaja kwa majina ya vitu. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 tuliikariri tukijiandaa kwa Kipaimara: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Chakula cha Bwana, na kila kifungu kikifuatwa na swali lile lile, maana yake ni nini? Katekista wa parokia alipoanza na Amri Kumi nilikuwa nazo tayari, tena kwa hesabu ile ile, kwa sababu Walutheri na Wakatoliki wote wanazihesabu kama Augustino, tofauti na Waanglikana. Nilikuwa na Imani ya Nikea, ambayo inakiri ubatizo mmoja. Nilikuwa na zaburi nyingi kichwani, na nyimbo za Tumwabudu Mungu Wetu ambazo mama huimba akiosha vyombo. Nilikuwa na tabia ya kusali kabla ya kula na kabla ya kulala. Na nilikuwa na sura ya baba akisoma Biblia kwa taa ya kandili, mtu ambaye hakuwahi kuingia kanisa la Kikatoliki ila kwenye misiba. Kila kilichofanya nitamani Ekaristi nilifundishwa katika nyumba ambayo haikuwa ya Kikatoliki.

Baba alikuwa na swali gumu zaidi kuliko la mama. Aliuliza kuhusu Kipaimara. Kwetu Kipaimara ni sherehe kubwa; mbuzi huchinjwa, ndugu hutoka Dar es Salaam na Arusha, kijana hupewa Biblia na zawadi. "Ubatizo wameukubali," alisema, "Kipaimara wamekikataa kwa nini? Maji yetu ni mazuri ila mikono yetu ni mibaya?" Nilihitaji muda kulijibu. Walutheri wenyewe hawafundishi kwamba Kipaimara ni sakramenti. Kwao sakramenti ni mbili, na Kipaimara ni siku ya mtu kuikiri kwa kinywa chake imani aliyobatiziwa akiwa mchanga. Kwa Wakatoliki ni sakramenti mojawapo ya saba, inayotolewa kwa kupakwa Krisma iliyobarikiwa na askofu. Kwa hiyo Kanisa Katoliki halikufuta alichonipa mchungaji. Lilinipa kitu ambacho mchungaji hakudai kunipa. Baba alisikiliza, akasema ameelewa. Hakusema amekubali.

Kuna jambo moja ambalo maelezo hayalitulizi, nalo ni Meza ya Bwana. Krismasi tunapokutana mlimani ninakwenda na familia usharikani, naimba nao, nasikiliza mahubiri, kisha wao wanasimama kwenda madhabahuni mimi nabaki kwenye benchi. Wakija kwenye Misa ya arusi yetu ya Kikatoliki, wao ndio wanaobaki. Sababu ya Kanisa naijua na naiamini: kushiriki Ekaristi ni kutangaza kwamba tuko katika umoja kamili wa imani, na umoja huo haujakamilika. Kanuni ya 844 inaruhusu hali chache, kama hatari ya kifo, tena kwa masharti. Siwezi kumwambia mama kwamba hili ni dogo. Linauma, na linapaswa kuuma, kwa sababu tukilizoea tutaacha kuombea umoja. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, lile fundisho lililowatenganisha tangu siku za Luther. Wengi makanisani mwetu, pande zote mbili, hawajalisikia tamko hilo likitajwa hata mara moja mimbarini. Ni upungufu ambao mapadre na wachungaji wanaweza kuurekebisha Jumapili yoyote.

Nimalizie na wafu, kwa maana kwetu Wachaga ukoo haukamiliki bila waliolala kihambani, yaani katika shamba la ukoo.

Augustino anasimulia katika Maungamo habari za mama yake, Monika. Alipokuwa Afrika alikuwa na desturi ya kubeba uji, mkate na divai kwenda kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofika Milano mlinzi wa mlango akamzuia: Askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu wengine wanalewa, na kwa sababu inafanana mno na ibada za wapagani kwa wafu wao. Monika akaacha. Badala ya kapu la chakula akaenda na sala, akawapa maskini alichoweza. Mwanaye, ambaye Ambrosi alimbatiza usiku wa Pasaka wa mwaka 387, anakiri kwamba kama katazo lingetoka kwa mtu mwingine, labda mama yake asingetii kwa urahisi namna ile. Nikiisoma habari hiyo nawaona bibi zetu. Wamisionari wa pande zote mbili walikataza mababu wasimwagiwe mbege, pombe yetu ya ndizi, na wazee wetu walitii wakiwa na maumivu ambayo vitabu vya misheni havikuyaandika. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Monika aliachishwa kapu akaachiwa sala. Sisi Walutheri tuliachishwa mbege, na baada ya maziko hatukufundishwa tena la kuwafanyia wafu wetu, ila kumshukuru Mungu kwa maisha yao.

Lakini hata hapo Ulutheri wenyewe una mlango ambao wengi hawaujui. Utetezi wa Ungamo la Augsburg, ulioandikwa na Philip Melanchthon mwaka 1531 na ambao ni mmoja wa maandiko ya msingi ya imani ya Kilutheri, unasema kwamba wazee wa kale waliwaombea wafu, na kwamba jambo hilo halikatazwi. Melanchthon alipinga Misa kwa ajili ya wafu, na hapo mimi na yeye tunatofautiana. Ila Mlutheri anayemtaja marehemu baba yake katika sala zake za jioni hajavunja ungamo la Kanisa lake.

Mwaka ule ule wa 387 Monika aliugua Ostia, bandari ya Roma, akiwa njiani kurudi Afrika. Alikuwa na miaka 56. Zamani alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwake, kama lilivyo kwetu kulazwa kihambani. Sasa akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike. Aliomba kitu kimoja tu, wamkumbuke kwenye madhabahu ya Bwana popote watakapokuwa. Augustino alitii, na akafanya zaidi. Anawaomba wasomaji wake wamkumbuke madhabahuni Monika, pamoja na Patrisi mumewe, mtu mwenye hasira, aliyekuwa mpagani karibu maisha yake yote na kubatizwa mwishoni. Baba na mama wote wawili, waliofika kwenye imani kwa njia tofauti na kwa nyakati tofauti, anawataja katika sala moja.

Baba yangu alifariki akiwa Mlutheri. Mchungaji aliongoza ibada, kwaya ya usharika ikaimba, tukamzika kihambani chini ya migomba. Nilimwuliza paroko kama ninaweza kumtolea nia ya Misa mtu ambaye hakuwa Mkatoliki. Akanionyesha kanuni ya 901, iliyo fupi kuliko karibu zote nilizozitaja hapa. Inasema padre ana ruhusa ya kumtolea Misa mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki.

Ndugu uliyehamia kama mimi, Novemba ikifika na jumuiya yako ikikusanya majina ya marehemu wa kuombewa, usiandike ya Wakatoliki peke yao. Mwandike baba aliyekubeba kwenda kubatizwa usharikani, bibi aliyekufundisha Baba Yetu, na mchungaji aliyekumwagia maji, kama wamekwisha kulala. Sheria inaruhusu.